Injini Yenye Presha

Bi Fatna alikuwa amefumba macho, gari la Kawangware likitoka Makina nusu tupu, aliposikia mtu wa kiti cha mbele akisema, "Huyo tayari ana presha, kijana. Ukimsukumia upepo zaidi atapasuka." Akajishika kifua, maana yeye pia humeza dawa ya presha kila asubuhi. Alipochungulia ili ampe pole mgonjwa, aliona turbo mapajani mwa kijana aliyeketi kando yake, chuma kama konokono mkubwa cha kusukuma upepo kwenye injini, kimefungwa vizuri kwa shali ya mtoto. Kumbe mgonjwa ni injini ya gari.

"Lakini fundi, upepo si ndiyo nguvu?" kijana aliuliza.

"Kwa injini ingine, sawa. Yako inabana hewa sana. Petroli italipuka kabla ya wakati, pistoni zitoboke. Kwani unakimbilia wapi?"

"Sikimbii. Ni mathe, mama yangu. Tukipanda mlima anainama mbele, ati anasaidia gari. Nataka siku moja aegemee kiti."

Fundi alitazama nje kidogo. Bi Fatna alimwona akilainika, ingawa mafundi hawapendi kuonekana hivyo.

"Na pistoni ikitoboka, mathe atapanda nini?"

"Si utaipunguza hiyo presha?"

"Hapo ni kufungua injini yote, boss!"

Gari likasimama Kawangware. Fundi akainuka.

"Haya, twende kwenu."

"Kuiweka turbo, ama kunikataza?"

"Kumsalimia mathe kwanza."