Jicho la Sadalla Halimo Kwenye Mkataba

Benchi letu pale Makorora lilikuwa taruma la reli, zito, wanaume wanne hawalisogezi. Lilifikaje mtaani usiniulize, maana aliyelileta kazikwa na heshima zake. Lilikaa mbele ya baraza ya Haji, muuza kahawa, mkabala na bomba lililotoa maji siku likipenda. Siku hizi pale pana duka la simu, na taruma lenyewe nadhani walishalichoma mkaa, hawana adabu. Basi ninayoyasimulia ni ya mwanzo wa ruksa, foleni za sukari zilipokwisha na mitumba ikaanza kumwagwa chini mafungu mafungu. Viwanda vilikuwa vinafunga milango kimoja kimoja, na wanaume wa Makorora tulikuwa na alasiri ndefu. Alasiri moja kila mtu alifika benchini na donge lake.

Asubuhi yake gari la matangazo la promota Abdulhakim lilikuwa limepita mtaani, kipaza sauti juu, na nyuma kasimama bondia wetu Sadalla, kifua wazi, glovu mikononi, watu wamwone waje kesho kumtazama akipigana na mtu wa Mombasa. Lilipofika usawa wa bomba, Sadalla akampokonya mtangazaji kipaza sauti. Kwa zile glovu hakikushikika, akakikumbatia kama mtoto mchanga. Akasema: "Ndugu zangu, kesho msije. Jicho langu la kushoto linaona ukungu. Natakiwa niende Moshi kwa daktari wa macho. Promota anasema jicho halimo kwenye mkataba, na mapato ya mlangoni hayatoshi. Sipandi ulingoni mpaka jicho liandikwe." Gari likaondoshwa mbio, na mtangazaji akabaki anapiga kelele za "njooni nyote" peke yake.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Mwinyijuma, ambaye sisi tulimwita Redio Mbao, na hakuna aliyejua pa kumzimia.

Redio: Yaani bondia mzima analia kwenye kipaza sauti! Enzi zetu bondia akitoa chozi ujue kamenya kitunguu.

Aliyemjibu alikuwa Yakoub, kwa jina la kijiweni Wakili. Sheria hakusoma, ila aliwahi kushtakiwa.

Wakili: Hakulia, yakhe. Kalalamika. Kisheria hivyo ni vitu viwili. Kulia ni bure, kulalamika kuna ada.

Mzee Shekhe akaguna. Huyo ndiye Refa, aliyekuwa akigonga rimu ya lori kuwa kengele ya ngumi, enzi kiwanda kina timu yake.

Refa: Kijana anapofuka, nyie mnafanya mchezo.

Redio: Nani kamtuma akapigwe? Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Refa: Methali hiyo imeingiaje hapa?

Redio: Ina mwana, ina kulia. Ulitaka iwe na nini tena?

Wakili: Nisikilizeni mie. Mkataba wa ngumi umenunua ngumi. Ngumi ni mikono. Jicho liko kichwani, na kichwa hakikununuliwa, ni mali ya mamaye. Promota akilitibu jicho leo, kesho meno yatadai, keshokutwa magoti. Mwili mzima utaandamana mpaka kwa mkuu wa mkoa.

Mimi: Na yule wa Mombasa akipiga, anapiga mikono?

Wakili: Akipiga jicho ni kosa lake yeye. Ashtakiwe hukohuko Mombasa.

Haji: Wakili, hebu kunywa kahawa, inapoa.

Refa: Mie nasema raha ilikuwa kiwandani, bwana. Kule Sadalla kaandikwa mpiga rangi, na brashi hakupata kuigusa maisha yake. Asubuhi anakimbia mpaka Sahare na kurudi, jioni mazoezi. Akichanika, zahanati ya kiwanda ileee, nesi Bertha anamshona huku anamkaripia. Nani aliuliza jicho limeandikwa wapi? Na akishinda, meneja anampa mfuko wa sukari. Sukari ya wakati ule! Ukiiota usiku, asubuhi humwambii jirani.

Mimi: Na Bi Asmahani mamaye akiigawa.

Refa: Kikombe kikombe! Nyumba hii, nyumba ile, mpaka kwa waliogombana naye.

Wakati ule nyumbani tulikuwa tunakula ugali wa yanga, wa manjano, unakaba koo, lakini siku Sadalla akishinda mtaa mzima ulikunywa chai tamu, na wanawake walicheka uani. Sasa nina sukari tele kabatini na sijapata kunywa chai kama ile. Nikiikumbuka roho inaniuma, sina haja ya kuficha.

Wakili: Tatizo hapa ni mlangoni. Promota anasema mapato hayatoshi. Ukumbi unajaa mpaka watu wanakaa madirishani, mlangoni zinapatikana za kununulia karanga. Zinakwenda wapi?

Redio: Horohoro! Uliza mie. Zinatiwa kwenye tairi la akiba, zinavuka mpaka, zinarudi zimekuwa sabuni na dawa ya meno. Kwani maduka haya yamejaa kwa dua?

Refa: Tairi moja libebe ukumbi mzima?

Redio: Basi ni chuma ulete. Abdulhakim ana yake. Wewe unatoa noti mlangoni kwa mkono wako, mkata tiketi anaitia kwenye kopo, kopo halina kitu. Imesharuka. Iko Pangani, chini ya kitanda cha mganga.

Wakili: Kisheria, chuma ulete haina ushahidi.

Redio: Ushahidi wataka? Yule mtu wa Mombasa mwenyewe umemwona? Ile sura ya kwenye bango ni ya pakiti ya majani ya chai! Kesho Sadalla anapambana na kivuli, na kivuli kinalipwa. Chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Angefika mbali zaidi, lakini Sadalla mwenyewe alikuwa anakuja. Alitembea kakiinamisha kichwa upande, kama mtu aliyeingiwa maji sikioni. Redio akatafuta kashata ya kujiziba mdomo.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba mwanetu, karibu. Haji, mtilie.

Alikaa pembeni mwa taruma. Kijana mkubwa yule, mabega kama mlango, lakini alikishika kikombe kwa adabu, vidole viwili. Kwenye kope ya kushoto palikuwa na uvimbe wa zamani uliokataa kushuka.

Refa: Mwanangu, kesho utapanda au hupandi?

Sadalla: Nimebanwa, baba. Nisipopanda, nauli ya Moshi na pesa ya daktari sina. Nikipanda, fungu langu ni la mlangoni, na mlangoni kila siku hapatoshi. Na huyu bwana akinipiga tena pahala hapa, daktari wa hapa kasema litazimika lote.

Redio: Usivunjike moyo. Sisi Makorora tuko nyuma yako!

Refa: Tangu lini hatupo? Haji, unakumbuka tulivyokuwa tukimsindikiza? Tunatoka hapa kwa miguu mpaka ukumbini, barabara imejaa, kila mmoja kabeba kitu chake. Mie ndoo.

Wakili: Mie taulo. Taulo la bondia halikubebwa na mwingine, labda niwe naumwa.

Redio: Mie kigoda! Pale kwenye kona, raundi ikiisha, nani kigoda? Mimi.

Haji: Mie ndimu.

Mimi: Na mie chupa ya maji. Ndugu yangu kizibo.

Sadalla akacheka, na sote tukacheka, raha ikaturudia.

Refa: Yule mkata tiketi anatutazama tu! "Nyie nani?" "Watu wa bondia!" Tupishe, tumepita. Glovu ya kulia kwa mtu wake, ya kushoto kwa mtu wake. Viatu kimoja kimoja. Pambano la juzi kina mama walibeba kamba za viatu, na watoto nyuma yao. Makorora nzima ilipita, hakuna aliyebaki nje. Mtaa gani mwingine unampenda bondia wake hivyo?

Wakili: Kisheria, hakuna.

Wakati huo alikuwapo mtu wa sita kwenye benchi, kijana mwembamba wa Kibondei, Ernesti, mwalimu aliyehamishiwa shule ya mtaani kwetu kutoka Muheza. Alikuja kunywa kahawa, akakaa kigeni kigeni, akisikiliza. Alipoona tumemaliza kucheka akaweka kikombe chini.

— Samahani wazee wangu, mie mgeni. Ngumi nazipenda sana, na kama kesho pambano lipo ningependa kwenda. Kwani kiingilio ni shilingi ngapi?

Redio akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu. Akamtazama Wakili.

Wakili: Swali hilo... aulizwe Refa. Ndiye mkongwe.

Refa akamtazama Haji. Haji akajishughulisha na makaa ya dele la kahawa, akayapuliza na yalikuwa yanawaka vizuri tu. Mimi nilitazama chini, nikaisoma ile misumari ya taruma. Mwalimu akaanza kuona haya, akidhani kakosea adabu za watu wa mjini, akatutazama huku na huku akingoja japo bei ya kukisia. Hakuna aliyekuwa nayo.

Sadalla aligeuza kichwa chote, maana kwa upande wa kushoto jicho halikumfikisha mwisho wa benchi. Akatutazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

— Hata mie sikijui, mwalimu, alisema taratibu. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akamalizia kahawa yake. Akasimama, akaingiza mkono mfukoni, akamlipa Haji kikombe chake na vikombe vyetu vyote, kama afanyavyo siku zote akija, akasema "wazee, kwaherini," akashika njia ya kwa promota.

Refa aliinua mkono amwite arudi. Mkononi alikuwa na kikombe, kimeshalipiwa. Akaushusha.