Baba Mkwe, Mbuzi na Mashine ya Kufyekea

Wapendwa, amani iwe nanyi nyote. Mchungaji ameniomba nisiwe mrefu, na mama mchungaji ameniomba nisiache kitu. Nitamtii mama mchungaji, kwa sababu chai ya baada ya ibada iko mikononi mwake.

Mimi ni yule mama wa Kawetele mnayepishana naye barabarani akiwa na mashine ya kufyekea majani begani. Wengine mlicheka mliponiona mara ya kwanza. Msione haya, hata mimi nilijicheka. Lakini nataka mjue mashine ile ilikujaje begani kwangu, na jinsi ilivyokaribia kunilaza njaa mimi na watoto.

Mnakumbuka kiwanda cha chai kilipopata mwenye mali mpya. Redioni walisema ni soko huria, kila mtu ajitume. Mume wangu alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Vifaa vya zamani vya kiwandani viliuzwa pia, na yeye akarudi nyumbani na hiyo mashine: injini ndogo ya petroli nyuma, bomba refu katikati, na mbele kichwa cha mviringo kinachozungusha uzi wa nailoni. Ule uzi ndio unaokata majani. Mimi nilidhani mwenzangu amechanganyikiwa. Lakini ndugu zangu, Tukuyu yetu mnaijua. Mvua haina likizo, na majani uliyoyafyeka juzi kesho yanakusalimia. Alipata kazi kwenye nyumba ya wageni moja kule Ibighi, yenye uwanja mpana, na uwanja ule ukawa ndio shamba letu. Tulikula, watoto wakavaa viatu.

Kisha akapanda mparachichi. Tawi likavunjika, na mguu nao ukavunjika. Akalazwa hospitali, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe, na daktari akasema hatoki leo wala kesho. Nikarudi nyumbani, nikaitazama mashine pale ukutani. Nikasema, wewe na mimi tutafahamiana leo.

Kuiwasha nilikuwa nimeona. Unavuta kamba, inakohoa, unavuta tena, inanguruma. Shida ilianza uzi ulipokwisha. Nawaambia ukweli, mimi ni binti wa migombani, na kwetu hakuna kitu kisichofungwa kwa kamba ya mgomba. Tunafungia kuni, tunafungia mbuzi, tunaezekea. Basi nikachuna kamba nzuri, kavu, nikaisuka na kuizungushia kwenye kile kichwa. Nikawasha. Kamba iliruka vipande vipande, mpishi wa nyumba ya wageni akatoka jikoni na nyuzi kichwani akiuliza nani anachuna mgomba hewani. Ndugu yetu mmoja Mwislamu mwenye duka pale sokoni ndiye aliyenionyesha uzi wenyewe, naye alicheka mpaka akakaa chini.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa oili. Injini ile hainywi petroli tupu, lazima uichanganye na oili kidogo. Sasa mama wa Kinyakyusa umwambie "kidogo" kwenye mafuta, atakuelewa? Kwetu chakula cha mtu unayempenda kinang'aa. Nikaona mashine inafanya kazi ngumu, nikaionea huruma, nikaiongezea. Ikaanza kutoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Nikasema imechoka, nikaiongezea tena. Nguvu zikapungua kila siku, ikawa inawaka, inazunguka kidogo, inakufa. Mwishowe ikafia katikati ya uwanja wa watu, nusu umefyekwa na nusu ni pori.

Mwenye nyumba ya wageni ni mama mstaarabu, lakini mstaarabu naye ana mipaka. Akaniambia, "Mama, Jumamosi nina harusi hapa. Nikiona mpaka kesho jioni uwanja bado hivi, nitaita vijana wa mafyekeo na kazi nitawapa wao moja kwa moja. Usinichukie." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilibeba mashine kichwani hadi nyumbani huku mvua ikininyeshea, na sikumchukia. Nilikuwa nawaza nitawaambia nini watoto, na nitamwambia nini mtu aliyelala na mguu juu, kwamba kazi yake imekwenda.

Sasa nyinyi wageni mliotoka Mbeya na Dar es Salaam, nisikilizeni vizuri hapa, wenyeji wanajua tayari ninakoelekea. Mume wangu alijua kuwasha mashine na kuizima. Ikigoma, aliipeleka kwa baba yake, ambaye alifanya kazi karakana ya kiwanda tangu ujana wake. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na migomba tu. Kwa hiyo dawa ilikuwa pale, hatua chache. Lakini mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa kwa mila hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye. Akimsikia anakuja anajifunika khanga na kuingia migombani. Tangu niolewe, mimi sura ya yule mzee nilikuwa siijui. Nilijua kikohozi chake, maana alikuwa akikohoa kabla ya kupita, ili nipate muda wa kujificha. Alikuwa mkwe mwenye adabu sana.

Nikamwendea mama mkwe, nikamweleza. Yeye akapeleka maneno kwa mzee, akarudi na majibu. Mzee anasema fungua chujio la hewa. Nikafungua. Mzee anauliza sponji ikoje. Imejaa mafuta na vumbi. Mzee anasema ifue kwa sabuni, ikamue, ianike. Mzee anasema mwaga petroli yote iliyomo. Mama wa watu akapita kwenye migomba ile kwenda na kurudi, khanga inashika matone, miguu inateleza. Mwisho akasimama katikati, akasema, "Mimi si simu ya upepo. Nina msiba wa kwenda. Mtajuana." Akachukua mwavuli wake, akaondoka.

Tukabaki, mzee upande ule, mimi upande huu, na mbuzi mmoja amefungwa katikati. Nikasikia mzee anakohoa, kisha anasema kwa sauti, "Wewe mbuzi. Kama ningekuwa na mashine iliyogoma, ningefungua plagi, ile inayotoa cheche. Kisha ningetazama ncha yake ina rangi gani."

Mbuzi aliendelea kula. Mimi nikafungua plagi.

Nikaugeukia mgomba uliokuwa karibu, nikasema, "Mgomba, ncha ni nyeusi kama sufuria, tena imelowa mafuta."

"Mbuzi," akasema mzee, "plagi nyeusi na mbichi maana yake oili ni nyingi. Sijui nani anaipikia mashine kama anampikia mkwe." Ndugu zangu, nilicheka nimefunika mdomo. Nikasikia na yeye anacheka kule. Akamwambia mbuzi aisugue plagi kwa brashi ya waya, aipanguse, na kwamba kwa dumu dogo la petroli la lita tano oili ni kikombe kidogo cha kahawa tu, si bakuli. Nikafanya yote. Nikavuta kamba. Ikawaka, nikashukuru, ikafa.

"Mbuzi, bomba la moshi limeziba kwa masizi," akasema. "Lifungue, ndani kuna kichujio cha waya, kikwanguliwe."

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Ile nati ilikuwa imeshikana na joto la miaka. Nilikaza spana, ikateleza, ngumi yangu ikapiga chuma na ngozi ikatoka. Nikajaribu tena, ikateleza tena. Ijumaa ilikuwa inakuja, na nguvu za kufungua nati moja nilikuwa sina. Nikakaa chini kwenye matope, nikalia. Sikulia kwa ajili ya mkono. Nilimlilia mume wangu, nilikililia kiwanda, niliulilia ule uwanja. Mbuzi akaacha kula akanitazama.

Nikasikia kikohozi. Kilikuwa karibu. Nikavuta khanga kichwani na kuanza kunyanyuka nikimbie, maana mwili ulikuwa umezoea. Sauti ikasema, "Kaa."

Nikasimama nusu.

"Kaa, mwanangu. Nipe hiyo spana."

Nikakaa nikimpa mgongo, khanga hadi puani, nikarudisha mkono nyuma na spana. Akaichukua. Nikamsikia anagonga nati taratibu, anazungumza nayo, mpaka ikalia na kulegea. Nikangoja aondoke. Hakuondoka. Akasema, "Sasa geuka utazame ninavyokwangua."

Nikasema, "Baba, naogopa." Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake tangu niolewe.

Akajibu, "Hata mimi naogopa. Lakini nimezeeka, na mashine hii itaziba tena nikiwa sipo. Mimi sijui kufundisha mgongo."

Nikageuka. Wapendwa, nilimwona mume wangu. Paji lile lile, masikio yale yale, ila mvi. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja. Miaka yote ile nilikuwa nikikimbia uso ninaoupenda. Mzee naye alinitazama kidogo, akainamisha macho, akanionyesha masizi kwenye kile kichujio, magumu kama ukoko wa wali. Akakwangua nusu, nusu akanipa nikwangue mwenyewe. Akanifundisha kusikiliza injini inapolia kwa shida na inapolia kwa raha. Mama mkwe alirudi msibani akatukuta tumekaa, mashine inanguruma kati yetu. Alikunja mwavuli wake. Kisha akasema, "Basi ngoja niweke chai."

Ijumaa uwanja wa Ibighi ulifyekwa wote, hadi nyuma ya choo. Mwenye nyumba ya wageni alipita akitazama chini, akarudi, akasema kazi ni yangu, hataki vijana. Harusi ilifanyika, nami nilialikwa, nikala pilau. Jumapili iliyofuata mzee alichinja jogoo mbele ya wazee wa ukoo, akasema mwiko kati yake na mimi ameuondoa kwa mkono wake mwenyewe, asiulizwe mtu mwingine. Mchungaji aliomba, tukala.

Mume wangu sasa anatembea, kama mnavyomwona, ingawa mparachichi anaupita mbali. Tunafyeka kwa zamu. Mashine ikigoma, hampelekei tena baba yake. Ananiletea mimi, na mimi namwambia akae atazame.

Nawashukuru waliomwangalia mgonjwa wangu nilipokuwa kazini. Namshukuru ndugu yetu wa dukani, ambaye hata leo akiniona anauliza kama nataka uzi au mgomba. Namshukuru mama mkwe, aliyejua saa ya kuchoka. Na ninyi mabinti mnaoolewa, siwaambii mtupe mila. Nawaambia mtu wa msaada akiwa karibu nanyi, mwiteni, hata kama itabidi muanzie kwa mbuzi. Heshima inabaki. Yangu ilibaki, tena iliongezeka.

Mzee amekaa pale benchi la nyuma, karibu na mlango, anajifanya anasoma kitabu cha nyimbo. Baba, weka kitabu chini. Mama yangu alinifundisha nisikutazame kamwe, na alinifundisha kwa nia njema. Leo nimesimama mbele ya kanisa zima nakutazama wewe. Watoto wako wanakula. Nakushukuru sana, baba, kwa lugha yetu: ndaga fijo, tata.