Kipande cha Jani Kutoka Sufuriani

Ndugu, jamaa na majirani, hebu tumwone mama yetu, Bi Hadubini kama mlivyozoea kumwita, ameinamia meza ya maabara, na mbele yake kuna kipande cha jani kilichochemshwa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa tatu wa fundi saa, akaanza shule mwaka 1959, akahitimu chuo Novemba 1974, na Januari iliyofuata akaajiriwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ambako kwa miaka thelathini na saba alitenganisha mimea ya ukoo mmoja, inayofanana kama mapacha isipotoa maua, kwa kutazama ngozi ya majani yake, matundu yake ya kupumulia na vinywele vyake. Alifunga ndoa na baba yetu, seremala, tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu.

Asubuhi ya tarehe 2 Mei 1986, baba alichuma majani nyuma ya nyumba, akayachemsha ili kutuliza kikohozi, na kabla ya adhuhuri alikuwa amelazwa, hajitambui, naye daktari akatuma mabaki ya sufuria kwa mama, akitaka kujua ni mmea upi kati ya ndugu wawili, kwa kuwa dawa ya kumwokoa aliyekunywa mmoja ingemuua aliyekunywa mwingine. Mama, roho mkononi, alibandua ngozi ya juu ya jani, ambayo kwa mimea yote miwili haina tundu wala kinywele, akaona patupu, akabandua tena palepale, jasho likidondokea kioo, simu ya hospitali ikilia, hadi shangazi yetu, dada yake baba, aliyekuwa akifanya usafi pale, alipomshika bega.

"Wifi, unachuna upande wa juu. Geuza kwanza, kulia utalia baadaye."

Akageuza, akaona vinywele vya umbo la nyota, alama ya mmoja tu kati ya wale wawili, akautaja mmea kwa simu, kisha akakaa saa tano nzima bila kujua kama amemponya mumewe au amemuua.

Baba yuko hapa, mstari wa mbele. Tangu siku ile mama hakupika mboga bila kuikagua jani kwa jani, baba akimtania kwamba wageni watakufa njaa kabla ya sumu.

Moyo ulianza kumsumbua Juni 2019, akafariki tarehe 11 Februari 2022, saa mbili asubuhi. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mliopokezana zamu, na wafanyakazi wenzake. Wiki ya mwisho, mwanafunzi wake alipomsifu kwa ujasiri wa siku ile, mama alimkatiza, akasema hajawahi kuogopa vile.

Pumzika mama, hofu imekwisha. Nanyi tunawaomba mkumbuke hili moja, kwamba aliogopa, na hakuondoa jicho.