Spreyi ya Ng'ombe Mkononi mwa Kisilu

Nilikuwa nikichagua mawe kwenye ndengu wakati Gedion wa bodaboda aliposimama langoni kuniuliza kama tumemuuza yule punda aliyemuuma mzee wangu. Mimi nilikuwa nimeambiwa na mume wangu kuwa ni waya wa ua uliomkata mkono. Niliweka ungo chini, akanibeba hadi soko la Kalamba, kwenye benchi la nje ya mashine ya kusaga. Wanaume watatu walikuwa pale na thamosi ya chai: Nzomo, anayeitwa Bunge kwa sababu hanyamazi, Muindi, anayeitwa Daktari kwa sababu aliwahi kushika kamba ng'ombe akidungwa sindano, na Kisilu wangu, amevaa koti jua likiwaka.

— Baba Mwongeli, toa huo mkono kwenye koti, nikamwambia Kisilu.

Akautoa. Ulikuwa umevimba na wa bluu, kuanzia vidole hadi juu ya kifundo.

— Ni nini hii?

— Spreyi ya agroveti, akajibu Daktari kwa niaba yake. Ile ya vidonda vya ng'ombe. Ng'ombe ana kilo mia tatu na anapona. Kisilu ana sitini. Piga hesabu.

— Na mdomo wa punda ni msafi, akasema Bunge. Anakula nyasi tu. Wewe umekula nini leo?

— Nimekula maneno yenu.

— Usikasirike, mama. Huo uvimbe ni dawa na uchafu wanapigana. Waache wamalizane.

— Mimi naona tumekosea mgonjwa, akasema Daktari. Mgonjwa ni punda. Akidungwa yeye, huku kwa mtu kunakauka kwenyewe.

— Kabisa! Na adungwe upande ule aliouma nao.

— Punda anauma na mdomo, Bunge. Mdomo hauna upande.

— Uko nao. Meno ya kushoto yana hasira zaidi.

Kisilu alicheka nao. Nthenya, aliyeolewa kwetu majuzi, alikuwa mlangoni akingoja unga wake.

— Samahani wazee, akasema. Kama anapona, mbona anashika kikombe na mkono wa kushoto?

— Kunja vidole, nikamwambia Kisilu.

Havikukunjika. Jasho lilimtoka usoni.

— Tangu lini?

— Jana. Nilijua nikikuambia utamuuza punda, na maji tutabeba na nini?

— Na ukikosa mkono, utamfunga mitungi na nini? Panda pikipiki.

Kwenye dispensari, nesi aliosha ile bluu kwanza. Chini yake kulikuwa na matundu mawili ya meno, yamejifunga juu kama yamepona. Alipoyafungua, usaha ukamwagika. Alisema meno hupeleka uchafu ndani kabisa, spreyi inabaki juu, na rangi yake ilituficha ngozi ilivyobadilika. Alimdunga sindano, akatupa vidonge, kisha akachora mstari wa kalamu pale uvimbe ulipoishia. Uvimbe ukiuvuka mstari huo, alisema, tusingoje asubuhi, twende hospitali kubwa.

Jioni nilipakua muthokoi wa mahindi na maharagwe. Mwongeli, Mwau, Kanini, baba yao, mimi. Tuko wote. Kabla ya maombi nilisogeza taa, nikapandisha mkono wa shati lake. Uvimbe ulikuwa bado chini ya mstari.

— Haya, omba, nikamwambia. Lakini kwa ufupi, chakula kinapoa.