Dada Aliyetangaza Kazi Moja Mara Mbili

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa mama yetu, na niseme wazi kwamba nafasi hii ya kusoma wasifu wa marehemu sikupewa bure, maana juzi wanawe walituweka sebuleni watu watatu, kila mmoja akasoma ukurasa mmoja kwa sauti, wakatupigia kura, na kaka yetu mkubwa, aliyekwisha kupiga pasi suti, akashindwa.

Dada yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi viatu na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, sekondari ya wasichana hadi 1969, kisha chuo cha uhazili, ambako mkuu wa chuo alimwambia ana vidole vya umeme na uso wa hakimu.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa kiwanda cha mablanketi kama mpiga chapa, na tarehe 18 Desemba 1976 akafunga ndoa na mwalimu wa hisabati, shemeji yetu huyu hapa, ambaye hadi leo anasema usaili wake ulichukua miezi minane, wakajaliwa binti mwaka 1978 na mtoto wa kiume mwaka 1981, mwaka huohuo marehemu alipopandishwa kuwa afisa ajira, akaanza kuwaita waombaji kazi kwa namba badala ya majina, ili jopo lisijue nani ni mtoto wa nani, na wafanyakazi wakambatiza Bibi Namba.

Sasa sogeeni, ndugu zangu, maana hapa ndipo mwili unaponisisimka. Mwezi Mei 1988 kiwanda kilitafuta fundi wa boila, ile mashine ya mvuke unaochemsha rangi za mablanketi, tangazo likataka cheti cha daraja la kwanza, na hatua ya mwisho wakafika wawili, bwana mmoja mtanashati mwenye cheti hicho, mcheshi hata jopo likasahau chai ikapoa, na dada mmoja mwembamba mwenye kigugumizi, ambaye cheti chake kilikuwa cha daraja la pili, aliyepenya kwa sababu karani alisoma barua yake vibaya.

Meneja wa uzalishaji akapiga meza. "Huyu bwana anajua kuishi na watu, tumchukue leo leo!"

"Mzee," marehemu akamjibu, "tunatafuta fundi wa boila, hatutafuti mshereheshaji wa harusi."

Akaomba wote wawili wapelekwe kwenye boila, ambayo fundi aliyekuwa anakaribia kustaafu alikuwa ameilegezea kiungo kimoja makusudi, kila mmoja apewe dakika ishirini, na yule bwana akaizunguka akiisifia na kueleza historia yake mpaka muda ukaisha, lakini yule dada akainama, akatega sikio kwenye bomba, akatazama kioo kinachoonyesha kimo cha maji, na dakika ya sita akanyoosha kidole palepale penye kiungo. "Ma-maji hayapandi, pa-pampu inavuta hewa."

Watu walishangilia, na meneja mwenyewe akageuka kama upepo. "Mpe kazi huyu, cheti tukifumbie macho."

Marehemu, aliyekwisha kushinda, akakataa ushindi. "Tukifumba macho kwa huyu, tumewafungia mlango wote wenye daraja la pili waliosoma tangazo letu wakakunja barua zao. Kosa ni la tangazo, tulirudie likiruhusu daraja la pili."

"Wiki sita bila fundi mpya? Mambo yakiharibika nitataka kiti chako!"

"Kiti ni cha kiwanda, mzee, utakichukua."

Fundi mzee akakubali kungoja, na marehemu akatoka mwenyewe kumweleza yule dada, ambaye alilia pale koridoni, akasema harudi tena, na dada yetu akarudi nyumbani siku hiyo bila kula, akijiuliza kama haki yake imemvunja moyo mtu aliyestahili.

Tarehe 11 Julai 1988 walikuja waombaji ishirini na watatu, mmojawapo mimi hapa, na daraja langu la pili, nikiwa nimeshamwambia mama kazi nimepata, kumbe marehemu alipoona barua yangu alijitoa kwenye jopo, akamwachia fundi mzee nafasi yake. Nikakutana naye mlangoni. "Dada, hata salamu?" Akanitazama kwa ule uso wa hakimu. "Leo wewe ni namba kumi na nne. Kaa kwenye benchi."

Zikiwa zimebaki dakika tano mlango ufungwe, yule dada akaingia, jasho linamtoka, viatu vya kazi kwapani, na jamani, alitufagia wote, akapata alama tisini na moja, mimi nikawa wa nne, nikanuna mwaka mzima, mama naye akiniunga mkono kwamba damu ni nzito kuliko maji, mpaka marehemu alipokaa nami akanionyesha nilipokosea, akasema, "Ungepita kwa mgongo wangu, ungeubeba mgongo huo maisha yako yote," nikarudi chuoni, na mwaka 1990 nikaajiriwa kwingine kwa jasho langu. Yule dada aliiendesha boila ile miaka ishirini na sita, na yule bwana mcheshi aliitwa na marehemu ilipotokea nafasi ya mauzo, akayauza mablanketi kama maandazi ya moto, kwani uchangamfu nao ni sifa, ukipewa mahali pake.

Marehemu alistaafu tarehe 4 Machi 2012, akaanza kuugua figo Agosti 2021, na tarehe 9 Juni 2023, saa moja asubuhi, akafariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana zamu nasi, na wafanyakazi wenzake wa zamani, lakini shukrani za pekee ziwaendee watu tusiowajua, waliofika wiki hii mmoja mmoja wakisema, "Mimi alininyima kazi," kisha wakatoa mfukoni barua aliyowaandikia kwa mkono wake, akiwaeleza kwa nini hawakupata na wajaribu wapi, barua ambazo wengine wamezitunza miaka thelathini.

Pumzika, dada yetu, kwa amani uliyoitolea jasho.