Kurasa Zisizokatwa za Marehemu Wiebe Hoitinga

Tarehe 9 Februari 1941 ilikuwa siku ya theluji kavu na upepo mkali wa kaskazini. Siku hiyo Wiebe Hoitinga alizaliwa kijijini Tzum, Friesland, mtoto wa pili wa Mzee Sjoerd na Mama Aukje. Mkunga alifika kwa viatu vya kutelezea, juu ya mfereji ulioganda.

Alisoma shule ya msingi hapo Tzum, kisha shule ya ufundi Leeuwarden, akahitimu mwaka 1958. Alifanya kazi ya ukaguzi wa jibini katika ushirika wa wafugaji hadi alipostaafu. Aliligonga jibini kwa kidole, akasikiliza, akajua ubora wake bila kulikata.

Tarehe 17 Mei 1968 alifunga ndoa na Tjitske Dijkema mjini Franeker. Walijaliwa watoto wawili, Froukje na Jelmer.

Tangu mwaka 1974 marehemu alikusanya vitabu vya jalada la ngozi vilivyochapwa nakala chache, kila nakala ikiwa na namba yake na sahihi ya mwandishi. Alivishika kwa glavu. Vingi vilitoka kwa mchapaji kurasa zikiwa zimeshikana kingoni, ili msomaji azikate mwenyewe kwa kisu. Wiebe hakuzikata, kwa kuwa nakala isiyokatwa ina thamani zaidi. Mama Tjitske alimtania: "Ukifa nitakuvalisha ngozi nikuweke kabatini, na sikufungui."

Jumamosi, 14 Novemba 2009, walimwalika chakula Bi Hiltje Adema, mwandishi wa Harlingen. Wiebe alikuwa na vitabu vyake vyote sita, na urafiki wake aliuthamini mno. Wakati wa kahawa, mbele ya majirani, Wiebe alisema, "Hiltje, mwisho wa kile cha mlinzi wa daraja uliniliza."

"Ulikuliza?"

"Kama mtoto."

"Hebu kilete, unionyeshe ni wapi."

Alikileta. Bi Hiltje alijaribu kufungua sura ya mwisho, kurasa zikakataa.

"We Wiebe," jirani mmoja akasema, "ulikuwa unachungulia kwenye ufa?"

Watu walicheka. Bi Hiltje hakucheka. Alishukuru kwa supu ya njegere, akajifunga skafu, akaondoka. Baadaye marehemu aliwaambia wanawe kwamba hajawahi kuona aibu kama ile. "Hata jibini," alisema, "nililisikiliza kwanza ndipo nikalisifu."

Mwaka 2023 aliugua figo. Alifariki nyumbani Franeker tarehe 3 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka 83. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na dada yake, Geeske. Bwana ampe usingizi mtulivu.

Aliagiza haya yote yasomwe leo bila kufichwa, na yaishie asubuhi iliyofuata ile karamu. Asubuhi hiyo hakwenda kanisani. Alikaa jikoni bila glavu, akachukua kisu cha siagi, akazikata kurasa zote za kitabu kile cha mlinzi wa daraja, kingo zikachanika ovyo, akasoma mpaka mwisho. Kisha akapanda baiskeli kwenda Harlingen, akabisha hodi.

"Hakuna wa kumlilia mle, Hiltje. Nilikudanganya."

"Hakuna. Mbuzi anakula kofia ya meya."

"Nimecheka mpaka Tjitske akaja kuniangalia kama ni mzima."

Bi Hiltje alikipokea kitabu, akapapasa doa la siagi kwenye ukurasa wa mwisho.

"Bado vitano," akasema, akaufungua mlango wote aingie.