Moshi Nilioulinda Mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Itikieni na sehemu yangu, maana pumzi ya leo nimeitunza tangu asubuhi ili nimalize maneno haya.

Mnanijua, mimi ni Mama Ezekia wa hapa hapa Itaka. Miaka michache iliyopita nilikuwa nalima na wanaume mstari kwa mstari, na wengine nawaacha nyuma. Wamo humu, wasikatae! Kisha kikaja kikohozi, kikakaa. Hospitali wakasema ni ugonjwa sugu wa mapafu.

Ndugu zangu, kukohoa si kitu. Kazi ni pale ugonjwa unapoamka. Baridi ya Juni ikibana, kifua kinafunga, midomo inabadilika rangi, unavuta hewa haiji. Unalazwa, unawekewa oksijeni, unarudi nyumbani, lakini hurudi kama ulivyoondoka. Mara ya kwanza ugonjwa ulinichukulia jembe. Mara ya pili sikuweza tena kupanda kilima cha kisimani. Mara ya tatu nikaacha hata kwenda sokoni, kwa sababu watu wananisalimia njiani na mimi sina pumzi ya kuwaulizia watoto na ng'ombe wao. Wakasema siku hizi Mama Ezekia anaringa. Neno hilo lilinichoma, nililia. Mwisho ikawa Tusekile, mke wa mwanangu, ndiye ananiogesha. Kwa aibu nikawa mkali kwake, kila anachopika nakitia kasoro.

Sasa naungama mbele za Mungu. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba moshi wa kuni ndio umeharibu mapafu yangu, na nikiendelea kukaa ndani yake ugonjwa utazidi kuamka. Nikarudi nyumbani nikasema ameniambia nile matunda. Niliwadanganya! Kisa mahindi. Jikoni kwangu, juu ya mafiga, nilikuwa nimening'iniza mbegu niliyokabidhiwa na mama mkwe nilipoolewa. Moshi ndio unaofukuza dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi. Ezekia alipotaka kutoboa dirisha, nilikataa katakata. Nikakaa humo kila siku, nachochea kuni, nakohoa, namwomba Mungu aniponye. Namwomba aondoe kitu ninachokichochea kwa mkono wangu mwenyewe!

Msimu wa baridi wa mwaka jana ugonjwa ulipoamka, nilijua nakufa. Nilishindwa hata kulitaja jina la Yesu kwa sauti, nikalitaja moyoni. Wodini daktari akarudia maneno yale yale, safari hii akamwambia Tusekile. Nilitamani anigombeze, hakunigombeza.

Akasema, "Mama, mbegu tutatafuta nyingine. Wewe tutakutafuta wapi?"

Nikageukia ukutani. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, nikakuta jiko langu limetobolewa madirisha mawili, kuna jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi nje, na mbegu yote imepukuchuliwa, imefungwa kwenye mifuko isiyoingiza wadudu. Hasira zikanipanda, jamani. Nyumba ni yangu, nani amewatuma? Nikasimama mle jikoni, moto unawaka, nikavuta pumzi nimgombeze binti wa watu. Pumzi ikaingia. Nikasahau nilichotaka kusema, nikakaa chini nikalia.

Sijapona, nisiwadanganye mara ya pili. Daktari anasema mapafu haya hayatakuwa mapya. Dawa ya kuvuta naitumia kila siku, hata siku ninayojisikia vizuri, na nikichoka napumzika bila kuona haya. Lakini baridi ya mwaka huu imepita sijalazwa. Najimwagia maji mwenyewe! Ninyi mnaojimwagia kila siku hamjui, lakini mimi namshukuru Mungu palepale bafuni, sabuni bado mwilini.

Tusekile, simama wakuone. Usiiname, simama. Nilikuwa namwomba Mungu anitumie malaika, kumbe yupo nyumbani ananipikia uji nami naukosoa chumvi. Mwanangu, nisamehe.

Na wewe mama unayekohoa kwenye kitambaa ukidhani hatukusikii, mtegemee Mungu, hajakuacha. Ila ulichoambiwa hospitali, waambie watu wa nyumbani kwako. Waambie chote, na iwe leo, kabla hujainamia moto wa chakula cha mchana.